Mchezo wa Mawe

Jina la Cherehani alipewa na baba yake kabla hata hajatimiza miaka miwili. Mtoto alikuwa anaamka anaongea, anakula anaongea, anaogeshwa anaongea. Povu likimwingia mdomoni analitema na kuendelea pale pale alipoachia. Baba yake ni mlinzi wa usiku, na mlinzi wa usiku hulala mchana, na chumba chao ni kimoja. Basi kila siku wimbo ulikuwa huo huo.

"Mama Cherehani, hebu zima hiyo mashine, mwenzenu nimekesha," sauti ilitoka chini ya shuka.

"Baba, mashine haina swichi," mtoto alijibu mwenyewe, na baba akajikuta anacheka, usingizi wote umekwenda zake.

Mlinzi asiyelala mchana husinzia usiku, na anayesinzia usiku hafiki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mtoto akapelekwa kwa Shangazi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha mashati, kile kile ambamo Mama Cherehani anashona kola, mpaka macho ya Shangazi yalipoanza kumchezea na msimamizi akamwambia apumzike kidogo. Mapumziko yakawa ya moja kwa moja. Sasa alipanga vyumba viwili vya chini kwenye jengo lililo nyuma ya kiwanda. Cha mbele alikaa yeye na kapu lake la nguo za kushonea watu vifungo. Cha nyuma walikaa watoto wa wanawake wa kiwandani, kuanzia anayetambaa hadi anayekaribia shule. Kilikuwa na mkeka mmoja mkubwa, ndoo ya maji yenye kifuniko, na dirisha lililopigiwa mbao.

Mahali pale hapakuwa na kibali cha kulea watoto. Watu wa manispaa walishapita mtaa wa pili wakafunga mahali pengine kama hapo, na mwenye nyumba alishasema kwamba siku atakayosikia mtoto analia kwenye jengo lake, Shangazi atalala nje na kapu lake. Kwa hiyo kina mama walikubaliana neno moja. Ukiulizwa mtoto anakaa na nani, sema anakaa na bibi yake.

"Bibi huyu ana wajukuu hadi ukoo umechanganyikiwa," Mama Kifungo alipenda kusema, na walikuwa wakicheka huku wanakimbilia kengele ya zamu.

Mama Kifungo alikuwa anakaa benchi moja na Mama Cherehani. Mmoja anashona kola, mwingine anaweka vifungo, na binti zao walikuwa wanalala mkeka mmoja. Asubuhi mtoto hukabidhiwa mlangoni, jioni huchukuliwa mlangoni. Hakuna mama aliyekatazwa kuingia chumba cha nyuma. Ila mlango wa kiwanda hufungwa kengele ikilia, na jioni mtu amechoka, anataka tu kumshika mwanawe mkono waondoke.

Miezi ikapita, na Cherehani akaanza kupunguza maneno. Si kwa ghafla. Ilikuwa kama redio ambayo mtu anaigeuza sauti kidogo kidogo bila mwenye nyumba kujua. Hata Jumapili, mtoto akiwa nyumbani, baba alianza kulala hadi saa nane. Mtoto alikaa pembeni ya kitanda na mdoli wake wa vitambaa, kimya, hata nzi ungemsikia.

"Mwanao amekua," baba alisema. "Amepata adabu."

"Shangazi ana mkono wa malezi," Mama Cherehani alisema, na moyoni alifurahi kweli. Alishaona watoto wa wenzake wanavyobinuka sokoni. Wake alikuwa anakaa.

Kulikuwa na jambo la jiwe pia. Jioni nyingine mtoto alitoka kwa Shangazi ana makombo ya biskuti shavuni. "Mama, leo mimi ndiye jiwe la leo."

"Jiwe gani tena, mama yangu?"

"Jiwe. Kifungo alikohoa. Mimi sikukohoa."

"Hongera," alisema mama yake, akamfuta shavu, akadhani ni mchezo kama michezo mingine ya watoto. Na asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, mtoto alizoea kunyoosha mguu na kusubiri. "Niguse hapa," alisema, akionyesha unyayo. Mama yake, chai iko motoni na kengele iko njiani, alimvalisha kiatu haraka haraka. "Acha kunichelewesha na wewe. Simama."

*

Darasa la awali la shule ya serikali lilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori. Mama Cherehani alikuwa analichungulia kupitia uzio kila alipopita. Kulikuwa na madirisha mapana. Kulikuwa na beseni la mchanga, na kamba imefungwa ukutani, na kwenye kamba wameanika karatasi zenye alama za viganja, vyekundu na vya kijani, vidogo kama majani. Mara moja alimwona mtoto amepakwa rangi hadi kwenye viwiko, anafoka, na mwalimu amechuchumaa anamsikiliza. Anamsikiliza kabisa, kama vile mtoto analeta habari za maana. Mama Cherehani alisimama pale mpaka lori likampigia honi.

Nafasi zilikuwa chache, watoto wengi, na kila mwaka walifanya usaili siku moja. Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Cherehani. Mwaka ujao umri utakuwa umepita. Ataingia darasa la kwanza moja kwa moja kutoka kwenye mkeka wa Shangazi, akae na wenzake waliokwisha kushika penseli miaka miwili.

"Watamwambia ajenge kwa vitofali vya mbao, aseme jina lake, aseme anachokiona kwenye picha," Mama Kifungo alisema. Yeye alishapeleleza. "Basi. Kama ni kusema, wako si ana mota?"

"Alikuwa nayo."

"Mota haifi. Inapoa tu."

Wakaomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi aliwatazama kama waliomba kiwanda chote. Walivua aproni, wakawachukua watoto kwa Shangazi, wakawapaka mafuta, wakavuka barabara.

Ndani, darasa lilikuwa zuri kuliko lilivyoonekana kwenye uzio. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya dunia, duara la buluu, na watoto wa kila rangi wameshikana mikono kulizunguka, hakuna hata mmoja aliyenuna. Chini ya picha alikaa afisa wa elimu wa manispaa, mama wa makamo mwenye beji shingoni. Alikuwa ametoka mkutanoni, alisema, mkutano wa nchi nyingi, na alizungumza na wazazi kwa sauti ya mtu anayeamini anachosema.

"Wazazi wangu, dunia nzima sasa imekubaliana. Ubongo wa mtoto unajengwa miaka hii ya mwanzo. Kila mtoto, popote alipo, anastahili mahali salama pa kucheza na mtu wa kuzungumza naye. Hili si jambo la nchi moja. Ni letu sote."

Mama Cherehani alitikisa kichwa kukubali, na hakuwa anajipendekeza. Maneno yalimwingia. Alimtazama binti yake, nywele zimesukwa, magoti yanang'aa mafuta, na akawaza: leo unapata, mama. Leo ndiyo leo.

Mwalimu alikuwa kijana, mwenye macho ya uchovu na kitenge kilichopakwa gundi. Aliwaketisha watoto wanne kwenye meza ya chini, Cherehani na Kifungo wakakabiliana. Akamwaga vitofali. Wazazi walikaa nyuma kwenye viti vidogo, magoti yamewafika kidevuni.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Cherehani alikitazama kitofali chekundu, akakigusa kwa ncha ya kidole, akamgeukia mama yake. Mama yake alimpa ishara: chukua. Akachukua. Akaweka juu ya cha kijani. Akaweka kingine. Midomo yake ilianza kutikisika, na Mama Cherehani alijua kutikisika kule. Ndivyo alivyokuwa zamani kabla maneno hayajafurika.

"Unajenga nini?" mwalimu aliuliza.

"Ghorofa," alisema Cherehani. Sauti ndogo, lakini ilisikika. "Juu anakaa baba. Analala. Hapa..."

Mama Kifungo alimfinya mwenzake paja kwa furaha. Mota hiyo!

Lakini watoto wale wengine wawili walikuwa wanagombania gari la mbao, kelele zimepanda, na mwalimu akataka watulie asikie vizuri. Akashika kitofali, akagonga meza. Ko, ko, ko.

Cherehani aliachia kitofali. Hakukiweka, alikiachia tu hewani, kikaanguka. Akateleza kutoka kwenye kiti, akalala kifudifudi sakafuni, mikono chini ya tumbo, uso kwenye saruji. Upande wa pili wa meza Kifungo naye alishalala. Ilikuwa haraka kiasi kwamba wale watoto wawili waliacha gari wakawa wanawashangaa.

"Wamefanya nini hawa?" afisa aliuliza.

Mwalimu alichuchumaa. "Cherehani? Mama? Tumemaliza kugonga, inuka tuendelee." Alimgusa bega. Bega lilikuwa gumu kama mbao. Mtoto alikuwa anahema kwa pumzi fupi fupi za puani, zile za mtu asiyetaka kusikika anahema.

Mama yake alikuja kwa magoti. "Inuka, mwanangu. Ni mimi. Inuka uonyeshe ghorofa." Akamnyanyua, mtoto akanyanyuka mzima mzima kama ubao, macho wazi, yanatazama mahali pasipo na kitu. Alipomwachia, akalala tena vile vile. "Mchezo umeisha, mama. Umeisha. Nimesema mimi mama yako." Hapana. Alikuwa anashinda. Alikuwa anashinda mbele ya mama yake, kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipoelewa. Akilini aliuona mlango wa chumba cha mbele unabishwa na mgeni, Shangazi anagonga mlango wa nyuma kwa kidole, ko, ko, ko, na chumba kizima cha watoto kinaanguka kwenye mkeka na kunyamaza, wanaotambaa pamoja na wakubwa, kwenye giza la dirisha la mbao. Mgeni anaona bikizee na vifungo vyake. Siku ngapi? Mara ngapi kwa siku? Na makombo ya biskuti shavuni.

"Mtoto huyu anakaa na nani mchana?" afisa aliuliza. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa na huruma, na kalamu ilikuwa mkononi.

"Na bibi yake," alisema Mama Cherehani.

"Na huyu mwingine?"

"Na bibi yake," alisema Mama Kifungo.

Afisa aliwatazama kwa zamu. "Wanahitaji wataalamu, wazazi wangu. Hapa mwalimu ni mmoja. Sitawadanganya: hatuwezi kumpa nafasi mtoto asiyeweza kushiriki, tukamwacha anayeweza."

Walibeba watoto wao nje, kila mmoja na jiwe lake. Kwenye kibaraza mwalimu aliwakimbilia, akamshika Mama Cherehani mkono.

"Dada, alikuwa anaongea. Nimemsikia. Kama kuna kitu niambie sasa hivi, kabla afisa hajafunga karatasi zake. Nikiwa na sababu nitamtetea. Anaogopa nini? Kuna mtu anampiga?"

"Hakuna anayempiga."

"Basi ni nini?"

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Afisa alikuwa palepale, hatua chache, beji shingoni. Kazi yake nyingine ilikuwa ni kufunga mahali pasipo na kibali. Mama Cherehani alifungua mdomo. Nyuma yake alimsikia Mama Kifungo akinong'ona, "Usithubutu. Mwenzangu, usithubutu. Kesho watoto wote wale watakwenda wapi? Nitamweka wapi wangu, mfukoni?"

Aliwaza kile chumba. Aliwaza wanawake wa benchi lake, mmoja mmoja, na anayetambaa wa kila mmoja. Aliwaza baba chini ya shuka. Mdomo ulikuwa wazi na maneno yalikuwapo, yamejipanga.

"Ana usingizi tu, mwalimu," alisema. "Hakulala vizuri."

Mwalimu alimwachia mkono.

*

Shangazi alipowaona mlangoni na watoto wamekakamaa mabegani, hakushtuka. Alicheka kwanza, kicheko cha pumzi.

"Nani amewagongea?"

"Waamshe," alisema Mama Cherehani. "Waamshe, Shangazi, nitalia."

Shangazi aliwalaza kwenye mkeka, akawavua viatu, akapitisha kidole gumba unyayoni, kutoka kisigino hadi vidoleni, mara moja kila mmoja. Kifungo akakohoa kikohozi kirefu alichokuwa amekibana tangu shuleni. Cherehani akakaa kitako, macho yakarudi.

"Mama, nimeshinda?"

Mama yake alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Yule mwalimu atanipa biskuti? Kifungo alitikisika, nilimwona. Mimi sikutikisika. Mama, ulininyanyua sikutikisika! Na ile ghorofa yangu iko wapi? Hapa chini nilitaka tukae sisi, mimi na wewe, halafu tuweke dirisha, halafu..."

Mota ilikuwa imewaka, inakwenda, inakwenda, na mama yake aliziba uso kwa kitambaa cha kichwa. Unyayo! Kila asubuhi alimnyooshea mguu.

"Kwa nini hukutuambia?" Mama Kifungo alimgeukia Shangazi. "Mbona hukusema kuna kugusa unyayo?"

"Mmeniuliza lini? Mnanitupia watoto mlangoni kama magazeti. Nani kati yenu ameshawahi kukaa kwenye mkeka huu hata dakika?" Shangazi aliokota kapu lake, akawa anapapasa sindano kwa vidole, macho yake hayakuiona. "Mnadhani napenda? Ningekuwa na dirisha la kufungua ningewaimbisha. Ningekuwa na kibali ningewatoa juani. Nina mlango, na nina kidole. Nimewafanyia mchezo ili wasijue kuwa wanajificha."

Mama Cherehani alitamani kumkasirikia, akatafuta pa kushika, akakosa.

Jioni, baba akiwa anavaa buti zake za lindo, alielezwa yote. Alikaa kitandani, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mimi ndiye niliyesema amepata adabu," alisema.

"Tulisema wote."

"Asirudi pale."

"Akae wapi?"

Aliinua macho, akakitazama chumba: kitanda, jiko, ndoo, kamba ya nguo. Mtoto alikuwa sakafuni na mdoli wake, anamwambia kuhusu ghorofa. Baba akaingiza mguu kwenye buti ya pili, akafunga kamba polepole.

"Basi angalau mwambie asicheze," alisema. "Akisikia kugonga, aendelee kusema. Asinyamaze."

Mama akamwambia. Alimpakata, akamgusa nyayo zote mbili, akamwambia kwamba mchezo wa mawe umekwisha, kwamba yeye ni Cherehani na cherehani haina swichi. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Walilala hivyo.

Asubuhi alimnyooshea mguu, na mama akamgusa, chai ikafurika na kuzima moto. Njiani mtoto alisema kuhusu lori, kuhusu paka, kuhusu kwa nini moshi hauanguki. Mlangoni kwa Shangazi alikuwa bado anasema.

"Shangazi! Mimi leo sichezi mawe. Mama amesema nikisikia ko ko ko niendelee kuongea."

Shangazi alinyoosha mgongo. Nyuma yake, mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo, na kwenye giza lake zilionekana nyuso za watoto, zimepangwa, zinasikiliza. Akamwambia mama mtu kwa sauti ya chini, bila ugomvi.

"Mmoja akisema, nimefungiwa. Nikifungiwa, ni wote hawa. Mwanangu, kama umemwambia asicheze, mchukue. Sikufukuzi. Nakwambia tu."

Mama Kifungo alikuwa ameshamwingiza wake, amesimama pembeni, anatazama viatu vyake. Wanawake wengine walikuwa wanakuja nyuma, na watoto mikononi, wanaharakisha. Ng'ambo ya ukuta, kengele ya kiwanda ikaanza kulia.

Mama Cherehani alipiga magoti. Akamwekea mwanawe kola ya gauni vizuri, ile aliyoishona mwenyewe kwa vipande vya kiwandani. Alitaka kusema jambo jingine, lolote, na kengele ilikuwa inalia.

"Cheza, mama," alisema.

"Si umesema nisicheze?"

"Cheza tu."

Cherehani alimtazama kitambo, kama anayesubiri aambiwe ni utani. Kisha akafunga mdomo, akatikisa kichwa kukubali, akaingia. Pale kizingitini akageuka mara moja.

"Nitashinda," alinong'ona.